Meno Yasiyonoleka

Mafundi seremala wengi wa Ushirombo walimjua Dorika kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ukikata kona kuelekea kwa wauza mbao, kabla hujakiona kibanda chake, ulisikia tupa: kwii, kwii, kimya kidogo, kwii. Kimya kile kidogo ndipo alipokuwa akiruka jino. Meno ya msumeno hunolewa kwa kuruka moja moja, halafu unaugeuza msumeno na kurudia yale uliyoyaruka. Dorika alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na siku hizi hata akiwa kitandani vidole vyake vilikuwa vikirukaruka juu ya shuka.

Alijifunza kwa baba yake, mzee Otmar, aliyekuwa fundi katika karakana ya misheni. Dorika aliugua sana akiwa darasa la nne, na alipopona hakurudishwa shule. Akawa anashinda karakanani, amekaa chini ya meza ya kazi, anashikilia mbao mbili zilizobana msumeno huku mzee akinoa. Siku moja mzee alimpa tupa, akaenda kunywa uji. Aliporudi aliyapitisha meno kwenye kidole gumba, akasema, "Haya, na huu." Sifa nyingine hakuwahi kumpa.

Baadaye Dorika aliolewa na Benedict, seremala. Benedict aliacha randa akaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, akarudi na kikohozi kilichomkausha mwaka mzima hadi akafariki. Aliyebaki naye ni binti yao, Blessing. Tupa ndiyo iliyomlisha Blessing na kumfikisha chuo cha uuguzi Kahama, na ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu amalize. Hesabu ya Dorika ilikuwa hiyo tu: macho yasimwishie, mgongo usimwishie, misumeno iendelee kuja kwa mwaka mmoja na nusu.

Jumatatu moja asubuhi alikuja Onesmo, mwenyekiti wa kikundi cha mafundi tisa waliokuwa wakifanya kazi katika banda moja nyuma ya soko. Alikuwa na Masalu, fundi wa vitanda, Msukuma wa Samuye, mtu asiyeweza kukaa dakika mbili bila kutania.

"Habari za asubuhi, Mama Blessing," Onesmo alisema. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Njema, Baba Adam. Bega vipi?"

"Bega limeshakuwa mwenye nyumba. Mimi nimepanga tu."

Bega lile Dorika alilijua kama alivyoyajua meno ya msumeno wake. Miaka thelathini ya kusukuma msumeno kwenye mninga mkavu ilikuwa imelila. Daktari alimwambia Onesmo aache. Aache aende wapi? Umeme wa bandani ulikuwa unakuja unavyotaka, na hata ukiwepo, mashine haiwezi kukata kila kiungo cha mlango. Kwa hiyo alikuwa akisukuma, na kila akisukuma aliuma mdomo wa chini. Mdomo wenyewe ulikuwa umeota sugu.

"Tumesikia kuna mama pale Isaka ameshusha vitu vya Japani," Onesmo alisema. "Kuna misumeno. Dereva mmoja alinionyesha kwenye simu. Mtu amekaa chini, amekanyaga ubao kwa mguu, anakata. Hasukumi, Mama Blessing. Anavuta. Kama unavyovuta kamba ya ndoo kisimani."

"Na kuvuta unaweza?"

"Kuvuta naweza. Kusukuma ndiko kunakoniua."

"Tumechanga," Masalu alidakia, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Lakini sisi tunajua mbao, meno hatuyajui. Tunaenda kuposa, mayu, na wewe ndiye shangazi. Lazima shangazi amkague mchumba kabla hatujatoa ng'ombe."

Dorika alicheka kidogo, na moyoni alifurahi. Misumeno mipya maana yake ni meno mapya, na meno yote ya mji huo mwisho wake ni magotini pake. Alifunga tupa mbili kwenye kitambaa, akatia mkobani, akafunga kibanda.

Walifika Isaka jua likiwa limeshakuwa kali. Malori yalikuwa yamejipanga pembezoni mwa barabara, makontena juu yake, madereva wamelala chini yake. Uwanja wa yule mama, Mwanaima, ulikuwa nyuma ya gereji moja, umezungushiwa mabati. Ndani kulikuwa na baiskeli zilizofungwa pamoja kama mbuzi wa mnadani, majiko ya umeme ya kupikia wali, viti vya magurudumu, na mabegi marefu ya vyuma ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini. Mwanaima mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa mtandio wa zambarau, na sauti yake ilishinda honi za malori.

"Shikamoo, mama," alimwambia Dorika.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni wazee. Mnatafuta baiskeli?"

"Misumeno," Onesmo alisema.

Mwanaima aliwatolea maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na misumeno mipya, kila mmoja kwenye karatasi yake ngumu. Ilikuwa myembamba ajabu. Mpini wake haukuwa wa kuingiza vidole kama wa misumeno ya kwetu. Ulikuwa mrefu na mnyoofu kama mpini wa nyundo, umezungushiwa ukambaa uliosukwa vizuri. Masalu aliuchukua mmoja, akaukunja mpaka ncha ikakaribia mpini, kama mafundi wa kwetu wanavyopima chuma, akauachia. Ukarudi ukiimba.

"Chuma hiki," alisema kwa heshima. Kisha akauweka juu ya ubao wa sanduku uliokuwa hapo na kuusukuma kwa nguvu zake zote.

Msumeno ulijikunja katikati kama karatasi.

"Vuta!" Mwanaima alipiga kelele. "Unavuta, baba, husukumi! Jamani, huyu mtu ataniua! Vuta!"

"Samahani, mchumba," Masalu aliuambia msumeno, akaunyoosha kwa viganja.

Dorika hakuwa anacheka. Alikuwa ameuchukua mwingine, ameusogeza karibu na macho. Meno yake yalikuwa yameelekea nyuma, kwenye mpini, na kila moja lilikuwa na makali kushoto, kulia, na hata juu kwenye ncha. Hajawahi kuona meno yaliyonolewa vile. Lakini lililomshtua halikuwa hilo. Kwenye ncha za meno yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na ukanda mwembamba wa weusi wenye ubuluu, kama bati lililoungua.

Alitoa tupa ndogo mkobani, akaigusisha kwenye jino la mwisho kabisa, lile ambalo halikati kitu. Akavuta taratibu. Tupa iliteleza. Ilipiga kelele kama ukucha kwenye kioo, na jino likabaki vilevile. Alijaribu tena akikaza mkono. Tupa ndiyo iliyobaki na mstari mweupe.

"Hayo hayanolewi, mama," Mwanaima alisema kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema. "Wameyachoma moto wao wenyewe kiwandani, tupa haiingii. Yanakaa muda mrefu, na yakiisha unachomoa bapa unatia jipya, mpini ni uleule. Mambo ya tupa kwisha!"

Masalu aliangua kicheko. "Mayu, utahamia kwenye maandazi!"

"Masalu, funga mdomo," Onesmo alisema.

Masalu akamwangalia Dorika, kicheko kikamkauka.

Dorika aliirudisha tupa kwenye kitambaa. Alijisikia amechoka ghafla, uchovu wa mtu aliyetembea na mzigo siku nzima akaambiwa nyumba bado iko mbali. Misumeno tisa ya banda lile ilikuwa zaidi ya nusu ya kazi yake ya wiki. Na wakianza wale tisa, mafundi wa mji jirani wa Masumbwe wataiga, na wa Runzewe nao.

"Hilo boksi lingine?" aliuliza.

Lilikuwa na misumeno iliyokwisha kutumika, ya wazee wa huko, mingine ina maandishi yaliyochongwa kwa mkono kwenye mpini. Dorika alichuchumaa, akaipekua mmoja mmoja. Meno ya hii hayakuwa na weusi. Aliyagusa kwa tupa na tupa ikashika. Moyo ulimruka. Lakini alipotaka kunoa hasa, tupa yake ya pembe tatu haikuingia. Meno yalikuwa marefu na yamebanana kama miba ya samaki. Ilitakiwa tupa nyembamba kama kisu.

"Tupa zake hazikuja?"

"Tupa? Hapana, mama. Sijawahi kuziona."

Aliendelea kupekua hata hivyo. Kati ya kumi na moja, saba ilikuwa imeliwa na kutu hadi kwenye mzizi wa jino. Alijua hakuna la kutafuta mle, lakini hakutaka kuinuka.

Alipoinuka, aliwakuta wenzake wameshachagua. Misumeno mipya ilikuwa ya aina mbili. Mingine ilikuwa na meno madogo madogo kama ya kitana, na mingine ilikuwa na meno makubwa zaidi, mafupi, yamelala. Walikuwa wamechukua ya meno madogo. Onesmo alikuwa amekaa chini, amekanyaga ubao wa sanduku kwa kisigino, anavuta. Msumeno ulikuwa unaingia kama unaingia kwenye sabuni. Mkato ulitoka laini, hata haukuhitaji randa.

"Mama Blessing, angalia!" Masalu aliita. "Angalia mkato huu! Huu ndio wenyewe!"

Dorika aliangalia. Ubao wa sanduku ulikuwa wa paina, mti laini unaopandwa Iringa. Kwao Ushirombo walikuwa wanakata mninga, mkavu, wenye mafundo, wenye hasira. Meno yale madogo yangefika kwenye mninga yakafanya nini? Aliyaona akilini mwake yakidondoka moja moja. Magumu kama yalivyo, hayawezi kupinda. Yanavunjika tu.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Hilo ndilo lililomtisha. Walikuwa wanamsubiri aseme "sawa", na hata asingesema, wangelipa na kuondoka. Wangefanya kazi wiki mbili, pengine tatu. Kisha wangerudi kwake na misumeno yao ya zamani kwenye mifuko, wakiitukana Japani. Vitu vya watoto, wangesema. Bapa jipya lingevunjika kama la kwanza. Na jambo hilo lingeisha kabisa. Kwa miaka mitano mbele hakuna fundi wa upande ule ambaye angesikia habari ya msumeno wa kuvuta. Asingekuwa amedanganya mtu. Angekuwa amenyamaza tu, na yeye ni mtu wa kunyamaza, kila mtu anajua.

Mwaka mmoja na nusu. Blessing angemaliza.

Onesmo alikuwa bado anavuta. Ubao ulishakatika, akauweka mwingine. Akakata na huo. Hakukuwa na haja ya kukata tena, hata Mwanaima alianza kumwangalia. Dorika alimtazama usoni, kwa mazoea, akiutafuta ule mdomo wa chini. Ulikuwa umeachia. Ulikuwa umelegea, wazi kidogo, kama wa mtu anayesikiliza jambo lililo mbali.

"Haliumi," Onesmo alisema, si kwa mtu yeyote. "Jamani. Haliumi."

Dorika alikaa juu ya boksi. Akajifuta uso kwa upande wa khanga.

"Huo ni ubao wa sanduku," alisema. "Nyie mnakata nini?"

"Mninga, si unajua," Masalu alisema.

"Basi kateni mninga."

"Mninga nitautoa wapi hapa, mama?" Mwanaima aliuliza. "Hapa ni vyuma na plastiki."

Dorika alifungua kitambaa. Tupa yake kubwa ilikuwa na mpini wa mninga, mweusi kwa jasho, mnene kama gunzi. Aligonga kitako cha mpini huo kwenye ukingo wa boksi mara mbili, chuma kikachomoka, akampa Onesmo mpini.

"Huo ni mninga wa Bukombe, una umri mkubwa kuliko Adam wako. Kata."

"Mama Blessing, mpini wako..."

"Kata, Baba Adam. Miti haijaisha."

Onesmo alivuta mara moja, msumeno ukaingia. Mara ya pili ukasita. Mara ya tatu ulikutana na fundo, akaupinda kidogo mkono kama fundi yeyote anavyofanya, na wote wakasikia: tik. Kisha tik nyingine. Dorika aliuchukua, akaupitisha kidole. Meno mawili hayakuwepo, na la tatu lilikuwa na ufa.

"Sasa mama, umekuja kununua au umekuja kuniharibia mali?" Mwanaima alishika kiuno. "Huo umeshakuwa wenu huo!"

"Tumeuoa na pengo lake," Masalu alisema, lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Lete ule wa meno makubwa," Dorika alisema.

Ule ulienda polepole. Mkato wake haukuwa laini, na unga wa mbao ulitoka mwekundu na mzito. Lakini uliingia, ukalipita lile fundo, ukatoka upande wa pili. Onesmo hakuuma mdomo hata mara moja. Dorika aliyahesabu meno yote, moja moja, bila haraka. Yalikuwa kamili.

Kisha akawaeleza, na akaeleza kila kitu. Wachukue hii ya meno makubwa yaliyolala, hiyo ndiyo ya mbao ngumu. Mmoja wa meno madogo wauchukue pia, ule wenye pengo unatosha, kwa kazi za paina za dari. Wasipinde mkono katikati ya mkato. Wasisukume, hata wakisahau. Kabla ya kukata mbao za kubomolea nyumba waangalie misumari, maana msumari mmoja utamaliza meno kumi. Wasimwazime mtu ambaye hawajamfundisha. Wanunue na mabapa ya akiba leo leo, kwa sababu hakuna ajuaye huyu mama atashusha tena lini.

"Na kunoa?" Onesmo aliuliza, ingawa alishasikia.

"Haunoleki. Nimejaribu mbele yenu."

"Kwa hiyo ukiisha..."

"Ukiisha mnabadilisha bapa."

Onesmo alikuwa ameushika msumeno magotini. Aliutazama, akamtazama Dorika, akautazama tena.

"Na wewe?"

"Mimi mlinileta kutazama meno," Dorika alisema. "Nimeyatazama. Lipeni twende, jua linatuunguza."

Kazi ilianza kumpungukia kwa muda mfupi kuliko alivyodhani. Mwezi wa kwanza misumeno ya wale tisa haikuja. Mwezi wa pili Masalu alikwenda kazi ya vitanda vya hosteli Masumbwe na msumeno wake wa kuvuta, na mafundi wa huko wakamzunguka siku nzima. Mwezi wa tatu watu wawili wa Masumbwe walisafiri hadi Isaka. Kabla ya kwenda walipita kwa Dorika kumuuliza wachukue upi, akawaambia.

Blessing alipokuja likizo alikikuta kibanda kimefungwa Jumatano, siku ambayo hakijawahi kufungwa. Alimkuta mama yake nyumbani, anachagua mawe kwenye mchele.

"Mama, watu wananiambia wewe mwenyewe ndiye uliyewachagulia."

"Ndiyo."

"Si ungenyamaza tu?"

"Ningenyamaza."

"Sasa?"

Dorika aliupeta mchele, akapuliza. Alitafuta namna ya kumwambia habari ya ule mdomo wa Onesmo, akaona ni maneno mengi na kichwa kinamuuma. "Kuna majembe," alisema. "Mvua zimekaribia, watu wataleta majembe. Na mapanga. Chuo utamaliza. Nitajua nitakavyofanya."

"Utajuaje?"

"Sijui, Blessing. Niletee maji."

Majembe yalikuja kweli. Hayakuwa kazi ya kuringia. Jembe halina jino la kuruka, unasugua ukingo tu mpaka ung'ae, na mtu yeyote mwenye jiwe anaweza kukuiga. Ilibidi anoe matano kupata alichopata kwa msumeno mmoja, na mgongo ulimwambia hivyo kila jioni.

Lakini kilichomchosha zaidi kilikuwa kingine. Mafundi walikuwa wameacha kupita mbele ya kibanda. Zamani walikata kona ile kwenda kununua mbao, wakasimama, wakasalimia, wakatania. Sasa walizunguka nyuma ya mashine ya kukoboa, njia ndefu yenye tope, ili wasionane naye. Aliwaona kupitia nafasi ya mabati. Alimwona Masalu, mtu mzima, akikimbia ameinama kama mwizi wa kuku. Na siku moja alimwona Onesmo, ubao begani. Bega la kulia.

Dorika aliweka tupa chini.

"Baba Adam!" aliita. "We Baba Adam! Unaenda kukanyaga matope ya nini na njia ni hii?"

Onesmo alisimama. Alitazama huku na huku kama kwamba kuna Baba Adam mwingine. Kisha akaja polepole, akauegemeza ubao kwenye nguzo, akabaki amesimama na kofia mkononi.

"Nilikuwa nasema nitapita, Mama Blessing. Kila siku nasema."

"Hujapita."

"Sijapita." Aliikunja kofia. "Mtu unapita unasemaje?"

"Unasema habari za asubuhi."

Lori la mchanga lilipita barabarani, wakasubiri vumbi litulie.

"Habari za asubuhi, Mama Blessing."

"Njema. Bega?"

"Linalala," Onesmo alisema. "Usiku linalala, nami nalala."

"Haya." Dorika alisukuma kigoda kwa mguu hadi kikamfikia, akalivuta jembe lingine kutoka kwenye rundo, akalibana magotini. "Kaa basi, unanizibia mwanga. Na mwambie Masalu, akikimbia tena kule nyuma nitamwita kwa jina la baba yake, soko zima lisikie."